Siku moja na sat nav: kutoka kipilefti hadi kipilefti

Saa kumi na nusu alfajiri, Milton Keynes bado giza. Chai ya tangawizi iko kwenye chupa, chapati mbili nimezifunga, na mfukoni mwa koti nina sat nav niliyoichaji usiku kucha. Huku Uingereza kifaa hiki cha kuonyesha njia sikisikii kikiitwa jipiesi. Wiki yangu ya kwanza ya kusambaza vifurushi nilimwuliza msimamizi GPS iko wapi. Alinielewa, ila jibu lake lilikuwa: "The sat nav's in the van." Tangu siku hiyo natega sikio, maana maneno haya ndiyo yanayonilisha.

Saa kumi na mbili, ghalani. Leo nina mwenzangu mgeni, dada wa Mombasa, siku yake ya tatu kazini. Kioo cha kifaa kimeganda kwenye "Searching for satellites." "Kaka, hii imeharibika," akaniambia. Haikuharibika. Setilaiti zenyewe ziko umbali wa kilomita 20,200 hivi juu yetu, mawimbi yake yakifika ardhini ni hafifu sana, na kifaa kinahitaji kusikia walau nne ndipo kijue kilipo. Chini ya paa la bati hakiambulii kitu. Tuliposogeza gari uani, muda si mrefu kikajipata.

Nikamweleza pia kwamba GPS ni jina la mfumo wa Marekani, ambao setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Ulaya wana Galileo, Urusi wana GLONASS, China wana BeiDou, na vifaa vingi vya sasa husikiliza zaidi ya mfumo mmoja. Ndiyo maana mimi napenda "sat nav", ambalo ni "satellite navigation" lililokatwa. Linataja kazi ya kifaa bila kutaja setilaiti ni za nani. Mzee mmoja Mwingereza tunayepakia naye yeye husema TomTom, hata kama kifaa kimetengenezwa na kampuni nyingine, na wote tunamwelewa.

Saa mbili asubuhi tuko katikati ya mji, na hapa ndipo kazi ilipo. Barabara kuu za Milton Keynes zimekatana kama mistari ya daftari la hesabu, zingine zinaanza na herufi H, zingine V, na karibu kila zinapokutana kuna mzunguko wa barabarani, kile ambacho sisi Watanzania tunakiita kipilefti. Sauti ikasema: "At the roundabout, take the second exit." Dada alisikia "exit" akaanza kutazama vibao, akidhani tunatoka mjini. Hapana. "Exit" ni kila njia unayoweza kutokea kwenye kipilefti, hata kile kinjia chembamba kinachoingia kwenye maegesho. Tunahesabu kwa vidole juu ya usukani: kushoto kabisa ni ya kwanza, inayofuata ni ya pili. Dada alikiruka kinjia hicho katika kuhesabu, tukatokea kusiko. Kifaa kikanyamaza kidogo, kikachora njia mpya. Zamani vingine vilikuwa vikitamka "Recalculating" hadharani.

Halafu ikaja "bear left". Neno hilo analijua kama dubu. Nikamwambia aachane na dubu: hapa hukati kona, unaegemea kushoto taratibu pale barabara inapogawanyika. "Turn left" ndiyo kukata kona. Ukichanganya hayo mawili ukiwa kwenye mwendo, ni hatari. "In 300 yards" halikumsumbua hata kidogo. Yadi anaijua tangu duka la vitambaa la mama yake.

Saa sita mchana, mashambani upande wa Olney. "You have reached your destination," na mbele yetu kuna kondoo na uzio. Postcode moja ya hapa, yaani msimbo wa posta tunaouingiza kwenye kifaa, hubeba wastani wa anwani 15, na mashambani nyumba hizo zinaweza kutawanyika mbali. Nikaegesha, nikazima injini, ndipo nikashika simu. Sheria ilikazwa tena Machi 2022, na ukishika simu huku unaendesha ni faini ya pauni 200 na pointi sita kwenye leseni. Mteja akapokea kwa upole: "Don't follow the sat nav, love." Akatuelekeza kwa kanisa na geti jekundu, kama vile nyumbani mtu anavyokuelekeza kwa mwembe na duka la Mangi.

Saa tisa tumerudisha gari. Dada ana mtihani wa udereva wa hapa mwezi ujao. Tangu Desemba 2017 watahiniwa wengi huendesha sehemu ya mtihani wakifuata sat nav anayoileta mtahini mwenyewe, kwa hiyo tukakaa garini nusu saa nzima tukirudia: slip road (njia ya kuingilia au kutokea barabara kuu), dual carriageway (barabara ambayo pande zake mbili zimetenganishwa), bear right.

Saa moja jioni mpwa wangu akapiga kutoka Texas, anaendesha lori. Kwake slip road ni "ramp", postcode ni "ZIP code", na kifaa ni GPS tu. "Mjomba, sat nav ndiyo nini?" Nikaanza kumweleza, na chapati ya pili nilikuwa bado sijaila.