Dakika mbili za kungoja diski isiyokuwepo

Kila niliyemweleza kwamba kompyuta yangu imeanza kuchelewa kuwaka baada ya kufunga toleo jipya la mfumo alikuwa na jibu lilelile: nunua SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Wengine wakaongeza na ram. Mmoja wao, fundi ninayemheshimu, alisema nifute kila kitu nianze upya. Sikununua kitu, sikufuta kitu, na tatizo limekwisha kwa kurekebisha mstari mmoja katika faili moja na mstari mwingine katika faili jingine. Naandika haya kwa sababu inauma kuona watu wakitoboka mifuko kutibu ugonjwa ambao hakuna aliyejisumbua kuupima.

Hali ilikuwa hivi. Kwenye diski moja nina mifumo miwili ya Linux: Ubuntu 22.04 ninayofanyia kazi zangu zote, na Debian ninayojaribia mambo. Debian 12 ilipotoka Juni 2023 niliamua kuifunga upya juu ya ile 11 badala ya kuipandisha. Ufungaji ulikwenda bila shida na Debian mpya ikawaka vizuri. Nikarudi Ubuntu, ambayo sikuwa nimeigusa hata kidogo, nembo ikakwama kwenye skrini. Zamani ilikuwa inafika mahali pa kuandika nywila kabla dakika haijaisha. Sasa ilikuwa inakaribia dakika tatu.

Ndiyo maana ule ushauri wa SSD ulinikera tangu siku ya kwanza. Debian ilikuwa kwenye diski ileile, inatumia ram ileile na prosesa ileile, nayo ilikuwa inawaka upesi. Kama diski imechoka, mbona imechoka kwa mmoja tu? Sisemi SSD haina faida, inayo kubwa. Lakini ningeinunua, nikahamishia humo mfumo wangu kama ulivyo, ningekaa dakika mbili zilezile nikiitazama nembo ileile, safari hii mfukoni sina kitu. Kwa hiyo ukiwa na mifumo miwili kwenye mashine moja, kabla ya kusikiliza mtu yeyote, washa mwingine uone. Na kama una mmoja tu, washa kwa fleshi yenye mfumo wa kujaribia; hata hiyo itakuambia mengi.

Jambo la pili nililoliona halihitaji utaalamu. Diski yangu ni ya kuzunguka, na diski za namna hiyo hukwaruza zinaposomwa, na taa yake hupepesa. Nikakaa karibu nikasikiliza. Ilikwaruza kidogo mwanzoni, kisha ikanyamaza. Taa ikazima kabisa. Feni nayo ikatulia. Kimya hicho kikadumu, kisha ghafla diski ikaanza tena kukwaruza kwa nguvu na skrini ya kuingilia ikaja. Mashine iliyozidiwa na kazi hainyamazi. Hii haikuwa inafanya kazi yoyote, ilikuwa inasubiri.

Kabla sijafika huko lakini nilipitishwa kwenye njia ambayo naomba wewe usipitishwe. Jamaa mmoja aliniambia niendeshe amri ya systemd-analyze blame, ambayo hutoa orodha ya huduma zinazoanza pamoja na mfumo, iliyochukua muda mrefu juu, fupi chini. Mpaka hapo sawa. Kisha akanitumia orodha yake ya huduma za kuzima: NetworkManager-wait-online, snapd, plymouth-quit-wait, ModemManager, cups, bluetooth, na nyingine za namna hiyo. Akaniambia nisizizime kawaida tu, nizifunge kabisa kwa systemctl mask ili pasiwe na kitu cha kuziamsha. Nikafanya. Nikawasha upya. Nembo ikakaa palepale, kwa muda uleule. Kilichobadilika ni kwamba printa haikuchapisha tena na spika yangu ya Bluetooth haikuonekana popote. Nikamrudia, akanitumia orodha ndefu zaidi.

Huu ushauri umezagaa kila mahali na hauna msingi, kwa sababu mbili. Kwanza, huduma huanzishwa nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo huwezi kujumlisha sekunde za orodha ile ukapata muda wa kuwaka. Plymouth-quit-wait, kwa mfano, huonekana juu kwa sababu kazi yake ni kungoja wengine wamalize ndipo nembo iondoke. Kuilaumu ni kumwonea. Pili, na hili ndilo kubwa, blame huorodhesha vile vilivyofanikiwa kuanza. Kitu kilichongojwa mpaka muda ukaisha bila kutokea hakimo kwenye orodha. Yaani mhalifu niliyekuwa namtafuta hakuwepo kabisa katika orodha niliyopewa ya kumtafutia. Nikarudisha huduma zote kwa unmask, printa ikarudi, nikaamua sifuati tena orodha ya mtu.

Amri iliyonifungua macho ni ileile bila lile neno la mwisho: systemd-analyze peke yake. Inagawa muda kwa hatua: muda wa firmware (programu ya ndani ya mashine yenyewe), wa GRUB (menyu ya kuchagua mfumo), wa kerneli (kiini cha mfumo), na wa huduma zinazofuata. Nikaiendesha Ubuntu, nikaiendesha Debian, nikayaweka majibu pamoja. Kwenye Debian kerneli ilichukua kama sekunde tano. Kwenye Ubuntu, thelathini na tano. Hatua ya huduma nayo ilikuwa imepita ya Debian kwa dakika moja na nusu hivi.

Thelathini, na tisini. Kazi halisi haina tabia ya kutoa namba zilizonyooka namna hiyo. Kusoma faili elfu kadhaa kutakupa sekunde 7.3 leo na 8.1 kesho. Namba iliyonyooka ni saa ambayo mtu aliitega akaandika: ikifika hapa, acha kungoja. Na sekunde 90 ndizo systemd, programu inayoanzisha huduma za mfumo, hutumia kama kikomo chake cha kawaida pale ambapo hakuna aliyeiambia vinginevyo. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kompyuta yake inachelewa, namuuliza kwanza inachelewa kwa muda gani hasa, tena apime kwa saa.

Sasa nilijua inasubiri, sikujua inamsubiri nani. Nembo ya kuwakia imewekwa pale kuficha maandishi, basi nikaiondoa. Kwenye menyu ya GRUB unasimama juu ya mfumo wako, unabonyeza herufi e, unatafuta mstari unaoanza na linux, unafuta maneno quiet splash mwishoni mwake, kisha unabonyeza F10. Haibadilishi kitu cha kudumu, ni kwa safari hiyo moja tu, kwa hiyo usiogope. Kama menyu haitokei, bonyeza Esc mara tu baada ya kuwasha, au shikilia Shift kwa mashine za zamani.

Maandishi yakaanza kuteremka. Mapema sana yakasimama, yakakaa, kisha ukatokea mstari: Gave up waiting for suspend/resume device. Nikaushika kichwani. Yakaendelea, yakajaa skrini, yakasimama tena, na hapo chini nikaona nyota nyekundu zinakwenda kushoto na kulia, na pembeni yake saa inahesabu: sekunde kadhaa juu ya 1min 30s. Katikati ya nyota na saa palikuwa na jina la kitu kinachongojwa, utambulisho mrefu wa diski, herufi na tarakimu 32 zilizokatwa kwa vistari. Nikapiga picha kwa simu. Na wewe piga picha, usijaribu kuandika kwa mkono. Kwenye baadhi ya matoleo vistari vyenyewe huandikwa \x2d ndani ya jina hilo, mtu akababaika akadhani ni hitilafu. Ni kistari tu kilichoandikwa kwa njia ya kificho.

Ubuntu ilipowaka nikaendesha sudo blkid, inayotaja kila patisheni, yaani kila kipande cha diski, na utambulisho wake, yaani UUID. Nikaweka simu kando ya skrini nikalinganisha herufi nane za mwanzo, patisheni moja baada ya nyingine. Hakuna iliyofanana. Kompyuta yangu ilikuwa kama mwenyeji anayekaa kibarazani kila asubuhi akimngoja mgeni aliyekwisha badilisha jina. Nikaendesha journalctl -b, inayoonyesha kumbukumbu za mfumo tangu ulipowashwa, nikatafuta maneno timed out, na kweli, ule utambulisho ulikuwa pale, na chini yake malalamiko kwamba swapu, ambayo naieleza hivi punde, imeshindwa. Nikaandika free -h: swapu sifuri. Hapo nikaelewa pia kwa nini kivinjari kilikuwa kinagandisha mashine nikifungua kurasa nyingi, jambo ambalo nilikuwa nimeambiwa ni upungufu wa ram.

Mambo yalivyotokea ni haya. Swapu ni patisheni ambamo mfumo huhamishia vitu ram ikibana, na mifumo yangu miwili ilikuwa ikitumia moja kwa zamu. Kifungaji cha Debian kikikuta patisheni ya swapu kwenye diski huichukua na kuifomati, na swapu ikifomatiwa hupata UUID mpya. Debian mpya ikaandikiwa UUID mpya, Ubuntu ikabaki na ya zamani, na hakuna aliyeiambia.

Dawa ya kwanza iko kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski na swapu ambazo mfumo huzifungua unapowaka. Tengeneza nakala yake kwanza. Kisha kwenye mstari wa swapu weka UUID uliyopewa na blkid, hifadhi, na kabla hujazima chochote endesha sudo swapon -a halafu swapon --show. Swapu ikionekana hapo, umeandika sawa. Nikawasha upya nikiwa nimeshika saa: sekunde tisini zote zimeondoka. Nilifurahi sana, lakini zile thelathini zilibaki palepale, na hapa ndipo wengi huishia wakaridhika. Kwa kuwa nilikuwa na ule mstari wa mwanzo kichwani, nilijua kuna mwingine anayengoja mahali pengine.

Kompyuta ukiilaza kwa namna ya kuizima kabisa huku ukitunza kila kilichokuwa wazi, yaliyomo kwenye ram huandikwa ndani ya swapu. Kwa hiyo mapema kabisa, kabla ya kuifungua diski yako, ule mfumo mdogo wa kuanzia unaoitwa initramfs huitazama swapu kuona kama kuna kitu cha kurudisha. Na hiyo initramfs imebeba nakala yake ya UUID, haisomi fstab. Kwenye Ubuntu na Debian utambulisho huo unaweza kuwa umeandikwa katika /etc/initramfs-tools/conf.d/resume, na kwangu ulikuwepo, wa zamani. Kabla ya kuugusa niliendesha sudo update-initramfs -u makusudi nione itasemaje, ikaniambia waziwazi kwamba RESUME imeelekezwa kwenye UUID isiyo na swapu yoyote inayolingana. Nikaweka UUID sahihi, nikaiendesha tena, onyo likatoweka. Usisahau hatua hii ya mwisho, kwa maana kubadilisha faili bila kujenga initramfs upya hakusaidii. Kama huwa hulazi kompyuta yako kwa namna hiyo, unaweza kuandika RESUME=none ukapumzika.

Nikawasha. Diski ilikwaruza tangu mwanzo hadi mwisho bila kunyamaza, na kerneli ikarudi kwenye sekunde zake tano. Nilishangilia kwa sauti.

Yuko aliyeniambia baadaye kwamba angepunguza tu kikomo kile cha 90 kiwe 5 kwenye mipangilio ya systemd. Simshauri mtu. Swapu ingebaki imekufa, na siku diski halali ikichelewa kuamka sekunde saba, mfumo ungeikatia tamaa. Mwingine akasema ningetumia mkswap -U kuirudishia patisheni ile UUID ya zamani. Ubuntu ingepona, kweli, na Debian ingeugua siku hiyohiyo.

Unapofunga mfumo wa pili au wa tatu, chagua kugawa diski kwa mkono na uiambie swapu iliyopo isitumike. Mfumo mpya utauelekeza kwenye swapu mwenyewe ukishawaka. Na mnaotumia swapu moja kwa mifumo miwili, msilaze mmoja mkawasha mwingine, kazi mliyoiacha wazi inaweza kupotea yote.

Kwa mwenye mfumo mmoja, ugonjwa huu huja kwa mlango wa diski ya nje. Uliiandika kwenye fstab siku moja ili ifunguke yenyewe, ukaichomoa, na tangu hapo kila ukiwasha unangoja sekunde tisini, na mara nyingine unatupwa kwenye skrini ya dharura. Ongeza nofail kwenye mstari wake, pamoja na x-systemd.device-timeout=5s. Hapo kikomo kifupi kinafaa, kwa sababu kinaihusu diski hiyo peke yake, na wewe ndiye unayejua kwamba wakati mwingine haipo. Ukimaliza, endesha findmnt --verify ikukagulie fstab kabla hujawasha upya.