Kumbukumbu ya 2^67 − 1: namba 2 ndiyo iliyonikwamisha

Jana usiku programu yangu hatimaye iliandika kigawo 193,707,721 kwenye skrini, nami nikajua papo hapo kwamba wiki tatu za kuhangaika na 2^67 − 1 zimekwisha. Namba yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Mwanahisabati Mersenne aliiorodhesha mwaka 1644 kuwa ni tasa, Lucas akathibitisha mwaka 1876 kwamba si tasa bila kutoa kigawo hata kimoja, na vigawo vyake vilitajwa na Cole mwaka 1903. Jibu lilikuwa likijulikana tangu hapo, lakini nilitaka lipatikane kwa mbinu ya Pollard ya p − 1 (inayonasa kigawo tasa p pale vigawo tasa vya p − 1 vinapokuwa vidogo), kwa programu niliyoiandika kwa mkono wangu.

Tatizo lilikuwa moja tu. Nilianza na 2, kama wengi tunavyofanya kwa mazoea, nikawa naipandisha kwa kila namba tasa kwa zamu huku kila hatua nikitoa moja na kutafuta KKS (kigawo kikubwa cha shirika) kati ya tokeo hilo na 2^67 − 1. Programu ilitoa 1, 1, 1, mpaka ilipofika kwenye 67, kisha ghafla ikatangaza kwamba imepata kigawo, na kigawo chenyewe kikawa ile namba nzima yenye tarakimu 21. Kwa kuwa namba hii haitoshi katika biti 64, niliilaumu lugha ya C, nikahamia Python, ambayo kwa kazi ya namba kubwa sioni sababu ya kuiacha tena hata kama ni nzito. Matokeo hayakubadilika. Nikaandika upya sehemu ya KKS mara mbili. Nikabadilisha 2 nikaweka 4, kisha 8, na kila mara ilikuwa ni kwenye 67 ileile.

Kosa halikuwa kwenye programu hata kidogo. Kigawo chochote cha 2^67 − 1, kwa maana yake yenyewe, kinaipa 2^67 baki 1, kwa hiyo mara tu kipeo kinapogawanyika kwa 67, vigawo vyote viwili vinanaswa kwa pamoja na hakuna kinachotenganishwa. Na 4 na 8, zikiwa ni vipeo vya 2, zinafuata mkumbo huohuo. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu.

Nikaweka 3. Kwa ukomo wa 2,000, yaani kwa namba tasa zisizozidi hapo, ilitoa 1. Kwa ukomo wa 3,000 kigawo kikatoka. Sababu inaonekana ukipunguza moja: 193,707,720 ni 2^3 × 3^3 × 5 × 67 × 2,677, na hiyo 2,677 ndiyo iliyokuwa nje ya ukomo wa kwanza. Kigawo cha pili, 761,838,257,287, hakikunaswa pamoja nacho kwa sababu ukikipunguza moja unapata namba yenye kigawo tasa kinachozidi 4,600.

Nilikuwa nimepanga kuendelea na hatua ya pili ya mbinu hii, kisha mbinu nyingine ya kutafuta vigawo, ile ya mipindo ya duaradufu, lakini ile 67 haikuniacha. Kwa kanuni ndogo ya Fermat, 67 lazima iigawe p − 1, nayo p − 1 ni shufwa, hivyo kila kigawo tasa ni cha umbo la 134k + 1, na kwa kuwa kigawo hicho lazima kibakize 1 au 7 kikigawanywa kwa 8, k yenyewe lazima ibakize 0 au 1 ikigawanywa kwa 4. Asubuhi nikaandika mistari minane isiyo na ujanja wowote, inayojaribu k moja baada ya nyingine. Ikasimama kwenye k = 1,445,580 kabla sijamaliza chai, baada ya majaribio kama laki saba na elfu ishirini na mbili. Faili la mipindo ya duaradufu bado lina jina tu.