Jua limenuna

Nilipokuwa kidato cha tatu hapa Wete, Pemba, kanuni za sarufi ya Kiingereza nilizikariri na nikaziweza. Kilichonitoa jasho ni lugha ya picha. Mwalimu aliandika ubaoni "He kicked the bucket", akauliza maana. Nikanyoosha mkono: alipiga ndoo teke. Kumbe mtu amekufa! Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, maana kila neno nalijua na sentensi yenyewe sikuielewa.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Usiku tunakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, asubuhi tunaanika majamvini. Siku moja bibi alitoka uani, akatazama juu, akasema, "Mjukuu wangu, usianike zote, jua leo limenuna." Nikabaki nimeshika pishi. Jua lina uso gani hata linune? Hiyo ndiyo tashihisi tuliyofundishwa darasani, kukipa kitu sifa za mtu, nami naisikia nyumbani tangu sijaanza shule.

Tangu siku hiyo daftari langu lilikuwa na pande mbili, kushoto maneno ya bibi, kulia ya Kiingereza. Ndipo sarufi niliyoikariri ikanifaa. Ukisema babu amekula chumvi nyingi, umesema ameishi miaka mingi. Igeuze, "chumvi nyingi imeliwa na babu", na umri wote umepotea, imebaki chumvi ya jikoni. Kiingereza nacho ni hivyo hivyo. Kitenzi kinafuata wakati, "kicks", "kicked", lakini ukiandika "The bucket was kicked", hakuna tena aliyekufa, ipo ndoo tu. Hata "the" usiiguse. Ukiweka "a" nahau imevunjika. Basi kila nahau niliiandika nzima, sikuikata neno moja moja, na nikikuta sentensi haiendani na habari iliyoizunguka, najua hapo pana fumbo.

Tashibiha, yaani kufananisha kitu na kingine, zilikuwa nyepesi, kwa kuwa "like" na "as" zinasimama palepale penye "kama" yetu. Ila niliandika "as brave as lion" mara nyingi sana, bila "a" mbele ya "lion", na kila mara mwalimu akazungushia wino mwekundu. Kwetu simba ni simba, hahitaji neno la kumtangulia. Kosa hilo lilichelewa kunitoka kuliko yote. Lililonisaidia ni kusoma kwa sauti kila nilichoandika kabla ya kukusanya daftari, mpaka sikio lenyewe likaanza kuidai ile "a".