Hema la Matanga Siku ya Kuzaliwa

Binti yangu aliporudi kutoka kanisani pamoja na shangazi yake, Jumapili moja ya Aprili, alisimama langoni, akalitazama hema jeupe lililokuwa limesimamishwa uani kwetu, akavitazama viti vya plastiki vilivyopangwa safu kwa safu na masufuria makubwa yaliyokuwa yakitoa mvuke nyuma ya nyumba, kisha akamvuta shangazi yake mkono na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Nani amekufa?"

Siku hiyo alikuwa akitimiza miaka 7. Watu wazima waliomsikia walicheka, nami nikacheka pamoja nao, ingawa swali lake lilikuwa la haki kabisa. Katika maisha yake yote hakuwahi kuona hema la namna ile, viti vya namna ile na jamaa wengi kiasi kile isipokuwa mahali palipokuwa na jeneza. Sisi wakazi wa Kisumu na Magharibi ya Kenya ni hodari wa kukusanyika, lakini vyombo vyetu vya kukusanyikia, kuanzia hema mpaka upawa wa kupakulia wali, tulivinunua kwa ajili ya misiba, na ikitokea furaha inabidi tuviazime kutoka huko.

Mpango wetu wa kwanza haukuwa huo. Mimi na mume wangu tulikuwa tumemlipa malipo ya awali mtu mmoja anayekodisha vitu vya sherehe za watoto: lile kasri la kurukia linalojazwa upepo, meza ndogo zenye vitambaa vya rangi na mtu wa kuwapaka watoto nyuso. Sherehe ingefanyika Jumamosi, watoto wa jirani wangekuja, wakubwa wachache wangeketi pembeni, na saa kumi na moja kila mtu angekuwa kwake. Alhamisi jioni simu ya mtu huyo ikawa haipatikani, na haijapatikana mpaka leo.

Mume wangu, ambaye huona aibu kuomba hata kiberiti, aliandika sentensi mbili katika kikundi cha WhatsApp cha familia. Kikundi hicho kina watu wa pande zote mbili, upande wake ambao ni Waluo wa Nyakach na upande wangu ambao ni Waluhya wa Maragoli, Vihiga, kwa hiyo lugha yake ni Kiswahili, kwa kuwa hatuna nyingine ambayo wote tunaielewa bila mkalimani. Hata nusu saa haikupita kabla ya binamu yake mmoja kutuma orodha ambayo kila Mkenya mwenye simu anaijua: picha ya mtoto juu, nambari ya simu ya kupokelea pesa chini yake, kisha moja, mbili, tatu, na mbele ya kila nambari jina na kiasi kilichotolewa. Mtu hunakili orodha nzima, akaongeza jina lake, akairudisha. Nilipoiona picha ya binti yangu juu ya orodha ile, mwili ulinisisimka, kwa sababu mara ya mwisho mahali pale palikuwa na picha ya marehemu mjomba.

Mama mkwe wangu haandiki ujumbe; yeye hutuma sauti. Sauti aliyotuma usiku ule ilikuwa fupi: "Ondoeni hiyo orodha. Huyu mtoto yu hai. Kila mtu aseme atakuja na nini mkononi, na asiye na kitu aje na hiyo mikono yenyewe."

Nimelifikiria neno lake mara nyingi tangu siku hiyo, na naona alikuwa na sababu kubwa kuliko ile ya kuogopa mkosi. Mtu mwenye shilingi mia mbili huiona orodha ya fedha ikiwa tayari na watu wa elfu tatu, akanyamaza, na baada ya kunyamaza huona haya hata kufika. Yule wa elfu tatu naye huhesabu kuwa amemaliza wajibu wake na kubaki Nairobi. Aliyeahidi kuku, kwa upande mwingine, hana budi kuja naye.

Hema lilitoka kwake mwenyewe, yaani kwa kikundi cha akina mama anachoshiriki, chenye hema moja, viti 100 na masufuria manne ambayo hukodishwa na faida yake kugawanywa mwisho wa mwaka. Ijumaa na Jumamosi vitu hivyo havipatikani kamwe, kwa kuwa mazishi mengi ya huku kwetu hufanyika siku hizo, na ndiyo maana sherehe ilihamia Jumapili. Nilidhani hema ni kujitutumua, lakini mama mkwe alinikumbusha ni mwezi gani. Aprili ni masika, na katika mji wetu mvua ya majira hayo hupenda kuja alasiri, baada ya jua kuupasha moto uwanda na upepo wa ziwani kupanda kuelekea milimani, ukabeba unyevu na kujenga yale mawingu meusi tunayoyaona yakisimama juu ya safu ya Nandi. Mtu anayealika watu Aprili bila paa amewaalika kwenye matope.

Wanawake watatu wa kikundi hicho walikuja na vyombo vyao bila kuombwa na wakalitwaa jiko langu, wakanielekeza niketi. Shemeji yangu mmoja alileta kilo 10 za mchele kutoka Ahero, mchele mpya uliovunwa karibuni, na hapo ndipo nilipojifunza kuwa mchele mpya haupewi maji mengi kama ule uliokaa ghalani, kwani nilipokaribia sufuria na jagi la maji nilifukuzwa kama mwizi. Mwingine alileta kuku wawili kutoka soko la Kibuye. Mama yangu aliteremka kutoka Maragoli na mkungu wa ndizi, kuku wa nyumbani aliyefungwa miguu na mfuko wa njugu mawe, akiwa amesafiri kwa matatu na vyote hivyo mapajani. Vijana wa shule, ambao walikuwa likizoni, walipuliza baluni kwa midomo mpaka mmoja wao akaona kizunguzungu.

Yupo pia kijana mmoja wa ukoo wa mume wangu, mwendeshaji wa bodaboda, ambaye hakuandika lolote kikundini. Tangu saa mbili asubuhi alikuwa kituo cha Kondele, akiwapokea wazee wanaoshuka kwenye matatu na kuwaleta mmoja mmoja mpaka mlangoni, kisha akirudi kuchukua mwingine, bila kumtoza yeyote senti. Jumapili ni siku yake nzuri ya kazi. Nikipiga hesabu ya nani alitoa nini, naona yeye alitoa zaidi kuliko sote, na nasikitika kuwa nilimkumbuka kumpa chakula saa kumi tu.

Keki ilikuwa kazi ya wifi yangu anayeishi Nakuru, ambaye huoka kwa jiko la makaa kama alivyofundishwa na mama yake: anaweka mchanga ndani ya sufuria kubwa, anaupasha moto, anaweka bati la keki juu ya mchanga, anafunika, kisha anapanga makaa juu ya kifuniko ili moto utoke pande zote mbili. Mwaka juzi alituokea keki hapa Kisumu kwa vipimo vyake vya Nakuru na ikatoka fupi na nzito, imelala kama chapati, akalilaumu jiko letu. Jiko halikuwa na kosa. Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Kisumu zaidi kidogo ya mita 1,100, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito wa kuikandamiza keki, kwa hiyo kule unga mdogo tu wa kuumulia, ile bekingi pauda ya dukani, unatosha kuiinua, na ukizidi keki huvimba upesi kisha ikaanguka katikati. Huku chini kipimo kilekile hakifui dafu. Safari hii alifika Jumamosi mchana, akaoka keki ndogo ya majaribio, akaionja akiwa amefumba macho, akaongeza nusu kijiko, na usiku akatoa keki mbili zilizoinuka vizuri. Ile ya majaribio tuliila sisi wanne usiku uleule, tukaapa kutomwambia mtoto.

Jambo moja nusura lituletee mzozo, nalo ni saa ya kukata keki. Desturi ya sherehe zetu ni kwamba watu hula kwanza, keki ikafuata wakati matumbo yameshiba na mshereheshaji ameanza kukauka sauti. Mama mkwe, ambaye wajukuu wote humwita Dani, alikataa. Waluo humpa mtoto jina kufuatana na wakati aliozaliwa: Akinyi ni wa asubuhi, Achieng wa jua la mchana, Atieno wa usiku, Akoth wa mvua. Binti yangu ana jina la mchana, na Dani alisema kuwa sherehe ya kuzaliwa isiyotazama saa iliyo ndani ya jina ni sherehe ya kalenda, si ya mtoto. Alizaliwa saa saba, kwa hiyo keki ikatwe saa saba, hata kama pilau haijaiva. Mama yangu, ambaye kitambulisho chake kina mwaka wa kuzaliwa tu bila tarehe wala mwezi, na ambaye anachojua ni kuwa alizaliwa watu wakipalilia mahindi, alimuunga mkono papo hapo. Wanawake hawa wawili hawajawahi kukubaliana upesi hivyo tangu mahari yangu ilipojadiliwa.

Basi keki ikakatwa saa saba kamili. Binamu yule wa orodha ndiye aliyekuwa mshereheshaji, na kwa kuwa amezoea kazi hiyo kwenye mazishi, alianza kwa kutuomba tusimame kwa dakika moja ya ukimya, akajishika mdomo, na hema zima likaangua kicheko. Kisha likaja lile swali ambalo kila mkwe analiogopa: je, mtoto amlishe nani kipande cha kwanza, Dani au nyanya wa Maragoli? Watu walinyamaza kuliko walivyonyamazishwa. Binti yangu alikitazama kipande mkononi, akawatazama nyanya zake wote wawili waliokuwa wamekaa bega kwa bega mbele yake, akakitia kinywani mwake mwenyewe. Baada ya hapo utaratibu wote ulivurugika na kila mtu akapata.

Chakula kilifuata. Baba yangu, ambaye alikuwa amesema waziwazi kuwa katika umri wake wote hajaona faida ya kumpongeza mtu kwa kuzaliwa, jambo ambalo mtu hakulifanya yeye, alitengewa firigisi ya yule kuku wa nyumbani, kama inavyopasa kwa mwanamume mkubwa wa Kiluhya. Aliitazama kwa muda, akaiweka kwenye sahani ya mjukuu wake, akaendelea kula ndizi kana kwamba hakufanya lolote. Sijawahi kumwona akimpa mtu firigisi. Mtoto aliitafuna nusu akaiacha, akisema ni ngumu, na hakuna aliyemweleza ni kitu gani alichokiacha.

Saa tisa mvua ikanyesha, mvua ile ya Kisumu inayoanza bila salamu. Watoto walitoka nje ya hema kwa makusudi, na wale waliokuwa wameficha vikopo vya maji ili wammwagie mwenzao, kama watoto wanavyomfanyia kila anayeadhimisha siku yake ya kuzaliwa, waliona hakuna haja, kwani alikuwa ameshalowa kuliko ambavyo vikopo vyao vingeweza. Wakubwa tulibaki ndani tukisogeza viti mbali na kingo. Tulikuwa tumetarajia watu 25, na nilipohesabu wakati wa mvua ile nikapata 61. Mmoja wao, ambaye sitasema ni wa upande gani, alikuja mikono mitupu na watoto watano, akaondoka na mfuko mzito wa pilau. Mikono aliyoagizwa aje nayo hatukuiona ikiosha hata kikombe.

Mvua ilipopusa, akina mama walikuwa na haraka ya kulikunja hema, kwa sababu asubuhi yake lilikuwa linatakiwa kwenye matanga huko Kombewa. Lilipakiwa likiwa bado bichi, viti vikafuata, masufuria yakafuata, na kufikia saa moja ua wetu ulikuwa na matope tu na alama za vigingi.

Jumanne mwenyekiti wa kikundi alinipigia simu, nikadhani kuna kiti kilichopotea. Aliniambia kuwa walipolisimamisha hema kule Kombewa waliikuta baluni moja ya manjano, iliyokwisha kusinyaa kidogo, bado imefungwa kwenye nguzo ya katikati. Alitaka kuomba radhi kwa kutoirudisha. Mjukuu wa marehemu, mvulana wa miaka minne hivi, alikuwa ameiomba ifunguliwe, na tangu apewe alikuwa hakubali kuiachia hata wakati wa kulala.