Macho yangu wiki hii

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya leo nilitaka iwe ya shukrani, nilishaanza hata kuiandika, lakini toka Jumanne kuna kitu kimenikaba na nikikiruka nitakuwa nawadanganya.

Jumanne jioni niko kwenye daladala ikaingia vidio kwenye grupu la mtaani, kibaka kakamatwa, wananchi wenye hasira wanampiga. Kijana mdogo, mguu mmoja una kandambili mwingine peku. Nikaangalia mpaka mwisho. Nikarudia. Halafu nikawatumia watu wawili, mmoja mnasali nae kila Jumapili, nikaandika "duh cheki hii". Nikafika nyumbani nikala, nikaomba, nikalala, na kinachonitisha ni kwamba nililala vizuri tu.

Asubuhi ndo nikamkumbuka Alypius. Huyu ni Mwafrika mwenzetu, wa Thagaste, leo ni Algeria, rafiki wa Mtakatifu Augustino, na habari zake Augustino kazisimulia kwenye kitabu chake cha Maungamo. Alienda Roma kusoma sheria. Na Roma ndo kwenye ule uwanja wa Colosseum, aliufungua Tito mwaka 80, Tito yule yule aliyeibomoa Yerusalemu mwaka 70, na sherehe za kuufungua zilichukua siku 100. Watu kama 50,000 wanaingia bure, maseneta wamekaa chini karibu kabisa, wanawake na maskini huko juu, wametandaziwa maturubai jua lisiwachome, na pale chini wapiganaji wanauana na waliohukumiwa kufa wanatupiwa wanyama. Sakafu ilimwagwa mchanga unyonye damu, hata hilo neno arena kwa Kilatini ni mchanga.

Alypius alikuwa anaichukia hiyo michezo. Siku moja wenzake wametoka kula wakakutana nae njiani, wakamvuta kwa nguvu, akawaambia mwili wangu mtaufikisha lakini macho na moyo wangu hamvipati. Akakaa pale kafumba macho. Sasa jamani, masikio hakuziba. Mpiganaji mmoja akaanguka, uwanja mzima ukapiga kelele, nae akafumbua macho, aone tu kuna nini, akiamini hata akiona hakitamshinda. Augustino anasema jeraha alilopata rohoni lilizidi la yule aliyeanguka. Hakugeuza uso tena, akashangilia na wenzake, akaondoka na hamu ya kurudi, na aliporudi akawa anawavuta na wengine.

Anawavuta na wengine! Hapo ndo niliponasa. Maana nilikuwa najitetea kwamba mimi sikumpiga yule kijana, hata mtaa wenyewe siujui. Sauli nae hakurusha jiwe, alitunza nguo tu, lakini Matendo 22 anamwambia Bwana mwenyewe kwamba damu ya Stefano ilipomwagwa na yeye alikuwa amesimama karibu, anakubali.

Niwaseme kidogo ndugu zangu, na wa kwanza kusemwa ni mimi. Tunafunga, tunakesha, tunaimba damu ya Yesu, halafu damu ya mtoto wa mtu tunapitishia muda kwenye foleni. Yule aliyeshika simu akarekodi badala ya kuamua ugomvi alijua tutaangalia, kama wale wafalme walivyojua viti vitajaa. Kwenye ile vidio kuna mahali kijana anasema "mama". Mara ya kwanza sikusikia. Mara ya pili nilisikia, na bado nikatuma. Wewe uliyecheka chini yake kwenye grupu, na tulikuwa wengi, mama yake akiona zile emoji tutamwambia nini?

Mungu hakumwacha Alypius pale kwenye viti. Ilichukua muda, lakini Pasaka ya mwaka 387 alibatizwa Milano pamoja na Augustino, baadae akawa askofu kwao Thagaste. Na mimi namshikilia huyo Mungu wiki hii kwa mikono miwili.

Wale wawili nimewapigia, nimewaomba msamaha na wafute. Mmoja alikuwa ameshaituma mbele.

Jana usiku imeingia nyingine. Ile picha ya mwanzo inaonyesha umati na tairi. Sijaifungua, simu nimeifunika nikasoma Zaburi 101 kwa sauti, sitaweka mbele ya macho yangu neno la uovu, lakini mkono ulikuwa unaitafuta. Niombeeni.