Port Bell hadi Lindi kwa ndege ya majini: tulipofika hadi sasa

Wiki hii sikuigusa ndege kabisa. Nilikuwa Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa Moshi, nimeshika kamba yenye jiwe, napima kina.

Kwa anayeingia leo: tunataka kuirusha Widgeon, ndege ya Grumman yenye tumbo la mashua na magurudumu ya kukunja, kutoka Port Bell, Uganda, hadi Lindi. Muundo wake uliruka mara ya kwanza mwaka 1940. Njia yenyewe ni kongwe zaidi. Kuanzia 1937 Imperial Airways, shirika la ndege la Waingereza, walipitisha humo ndege zao za majini za Short Empire: Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, kisha Msumbiji na kuendelea hadi Durban. Babu yangu mzaa mama ni wa Lindi, na utotoni aliiona moja ya ndege hizo ikitua. "Ilishuka kama mwari, mjukuu wangu, ikapasua maji, halafu ikatulia kama jahazi." Mradi wote huu umetoka kwenye sentensi hiyo.

Njia tumeibadilisha. Mwanzoni nilichora mstari mmoja kutoka Kisumu hadi Mombasa, kama kilomita 700, kwa kuwa ndivyo walivyopita wao. Nikauangalia vizuri: unakatiza juu ya milima ya Mau. Wao walikuwa na injini nne, kila moja nguvu za farasi 920 hivi. Sisi tuna mbili za 270. Injini moja ikizimika juu ya milima ile, iliyobaki itakuwa na kazi kubwa mno, na chini hakuna ziwa la kukimbilia. Basi tutapita KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kisumu hadi KIA ni kilomita 450, KIA hadi Mombasa 290, yaani tumeongeza kama 40 tu. Badala yake tunapata forodha, uhamiaji, na usiku mmoja wa kulala nyumbani Moshi. Nafurahi kuliko ninavyoweza kueleza kwamba hesabu ndiyo iliyoileta ndege hii kwetu. Sikuilazimisha.

Linalonikosesha usingizi ni Ziwa Victoria. Uso wake uko mita 1,134 juu ya bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa pale inakuwa nyepesi kama ya karibu mita 2,000, na injini zetu, ambazo hazina turbo ya kuzisukumia hewa zaidi, zinapoteza kama sehemu moja ya tano ya nguvu. Kwenye lami hilo ungelivumilia. Majini ni kesi nyingine, kwa sababu maji yanaling'ang'ania tumbo mpaka ndege ipande juu yake na kuanza kuteleza, na hapo katikati ndipo injini dhaifu inaposhindwa. Widgeon nayo ina tabia ya kudundadunda pua kama pomboo ukikosea pembe yake. Kwa hiyo tumekubaliana: majini tunaingia wepesi. Tutatua ziwani na mafuta ya kututoa pale na akiba yake tu, tutaruka kurudi uwanja wa Entebbe au Kisumu, na tanki tutazijaza kwenye nchi kavu. Nimepanga kwa lita 110 kwa saa na mwendo wa kilomita 220. Kisumu hadi KIA ni saa mbili na dakika chache.

Nyumba ya Mungu iko chini ya mita 700, ndiyo maana tunataka rubani afanyie mazoezi huko kabla ya kwenda ziwani, vibali vikikamilika. Mvuvi mmoja mtu mzima alinichukua kwenye mtumbwi wake saa kumi na mbili asubuhi.

"Mzee wangu, hapa kuna visiki?"

"Vipo. Lakini wewe unauliza visiki, huulizi nyavu. Nyavu ndizo zitakazokufunga."

Akanionyesha maboya ya chupa za plastiki, safu kwa safu, ambayo mimi peke yangu nisingeyaona hata kidogo. Akaniambia upepo unaamka mnamo saa nne, na kwamba kabla ya hapo maji yanalala kama kioo. Nilipomweleza kuwa kioo hicho ni hatari kwetu, hakuamini. Ni kweli lakini. Maji yasipokuwa na hata kiwimbi, rubani hajui uso wake uko wapi. Anaweza kudhani bado yuko juu kumbe ameshagusa. Dirisha letu basi ni saa tatu hadi saa nne na nusu, na kukiwa shwari kabisa mtumbwi wa injini utatangulia kuyachora maji. Mzee amekubali kuwa ndiye atakayetangulia. Pia amekubali kuwaambia wenzake watoe nyavu kwenye ukanda tutakaouchagua. Kwangu ruhusa hiyo ina uzito sawa na ya serikali, maana ndege ikishagusa maji inahesabiwa chombo cha majini, na sheria ya kimataifa inaitaka ikae mbali na vyombo vingine vyote.

Pwani nimeipitia haraka. Tunalenga maleleji, kusi inapoisha na kaskazi haijashika, mwanzoni mwa Oktoba kabla vuli haijafunga mawingu huku kwetu. Chumvi inakula alumini, kwa hiyo kila jioni Mombasa, Dar na Lindi ndege itaoshwa kwa maji baridi, ndani ya matundu ya magurudumu pia.

Nilipompigia Babu kumsimulia habari za kamba na jiwe, alinisahihisha: "Hiyo inaitwa bildi." Kisha akasema Lindi nisipime peke yangu, atanitafutia nahodha anayeijua ghuba. Jumamosi tunaipima ndege uzito, ikiwa na nanga, kafi, kamba na pampu ya kutolea maji ndani yake. Namba hiyo ndiyo itakayosema kama kuna nafasi ya abiria mmoja kutoka Dar hadi Lindi. Babu hajaomba, ila ameuliza kiti kina upana gani.