Nimekuta Mawe ya Mipaka Shambani

Nimerudi nyumbani baada ya miaka 11, nikakuta mawe ya mipaka yamesimikwa katikati ya mashamba ya bondeni, ambako kampuni moja ya ujenzi inataka kujenga nyumba za makazi. Majirani wanapinga. Mwanzoni sikuwaunga mkono, kwa sababu miaka yote hiyo nimeishi katika chumba cha kupanga na ninaijua dhiki ya kukosa makao. Nilidhani wanawaogopa wageni tu.

Katika mkutano wa wakazi, hata hivyo, sikumsikia mtu akisema watu wasijengewe nyumba. Walichouliza ni kwa nini zijengwe kwenye udongo mzuri kuliko wote, ilhali kule mwinukoni kuna ardhi ya mawe isiyolimika. Mama mmoja, jirani yetu wa tangu utoto wangu, aliuliza maji ya mvua yatakwenda wapi. Swali hilo halikupata jibu. Shamba hunywa sehemu kubwa ya mvua na kuipitisha polepole hadi kwenye visima, lakini paa, zege na lami huyakusanya maji na kuyamwaga kwa mkupuo, na walio chini yake ndio wanaofurika.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linaeleza kwamba sentimita 2 hadi 3 za udongo zinaweza kuchukua hata miaka 1,000 kujiumba. Greda huliondoa tabaka hilo kwa siku chache, na mitambo mizito hushindilia kinachobaki. Nyumba ikibomolewa baadaye, shamba halirudi pamoja na kiwanja.

Baba yangu mdogo ni miongoni mwa waliouza. Simlaumu, maana aliuza akiwa na mgonjwa ndani, na hakuna aliyemweleza kwamba eneo moja likishauzwa, majirani nao hushawishiwa kuuza.

Nimeombwa niandike pingamizi. Nimeacha kando huzuni yangu, kwa kuwa wanaoamua mabadiliko ya matumizi ya ardhi hupima zaidi hoja za mifereji, barabara, maji na kilimo. Muda unakwisha Ijumaa, hivyo usiku huu ninachora ramani ya njia za maji, na yule mama ameketi kando yangu akinionyesha kila mahali ambapo mkondo hupita mvua zikizidi.